Kisigino cha Kushoto

Wananiuliza mimi, fundi viatu,
kana kwamba Jaji Meikle akifika hapa
huvua kiatu pamoja na moyo.

Kibanda changu kiko kwenye kichochoro cha ngazi,
vidato tisini chini ya mahakama kuu ya Edinburgh.
Upepo huingia kwa chini ya mlango,
mawakili huingia na miavuli iliyopinduka.

"Bwana Vuai, ameleta vya kazini au vya matembezi?"
Huyo ni karani wa Jaji Pringle, anayekitamani kiti.
"Ameagiza soli ya kudumu miaka mingapi?"
Huyo wa gazeti, kalamu mdomoni,
kama vile ngozi ina kalenda.

Wanasema ataondoka kabla ya Pasaka.
Wanasema wapi, sheria inampa mpaka sabini na tano,
ana sabini na tatu, na si mtu wa kubakiza chakula sahanini.
Wanasema mumewe amenunua kuku sita huko Fife,
na mtu hafugi kuku sita kama hana nia.
Wanasema serikali ikibadilika atasubiri,
isipobadilika atasubiri zaidi.
Kule juu, kwenye ukumbi wa dari ya mbao,
mawakili hutembea wawili wawili, kwenda na kurudi,
wasisikiwe;
na mwezi mzima huu kesi wanayoijadili
haina namba ya faili.

Kwenye baa ya pembeni wameweka dau.
Muuza samaki ana pauni kumi kwenye Septemba.
Mimi sikuweka. Mimi najua,
na anayejua akicheza kamari ni mwizi.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na siri ya mguu twaijua sisi wa chini.
Miaka kumi na tisa nambadilishia visigino,
vikilika sawasawa, kulia na kushoto,
kama mizani.
Mwaka juzi cha kushoto kikaanza kuinama kwa nje.
Januari hii kimelika hadi msumari.
Nikakiinua kwenye taa, nikaziona ngazi zote zile,
mkono ukutani, kituo, pumzi,
nyonga inayodai hukumu yake
naye anaiahirisha, anaiahirisha.

Alhamisi alikuja mwenyewe, hakutuma dereva.
Ukungu wa bahari ulimsindikiza hadi mlangoni.
"Toa vyuma," akasema. "Weka mpira. Laini."

Vyuma vile! Ukumbi mzima unavijua:
ko, ko, ko, na makarani wanakaa wima.
Mtu aliyemhukumu miaka minane
alipita hapa alipotoka, kununua kamba za viatu.
Sauti yake siikumbuki, aliniambia.
Nakumbuka alivyokuwa akija.

"Mheshimiwa, hawatakusikia ukiingia."
"Wala nikitoka," akasema,
akahesabu pauni kumi na mbili, sarafu kwa sarafu,
kama mtu aliyelelewa na mama mwenye duka.

Kisha akanitazama mikono.
Kidole gumba hiki hakikunji tena.
Nilidhani nimekificha vizuri kwenye kitambaa.
"Na wewe, Bwana Vuai, unaacha lini?"

Nikacheka. Nikatafuta nyundo iliyokuwa mkononi mwangu.
Sheria gani inanipa mimi sabini na tano?
Nani baani ameweka hata senti
kwenye mwezi nitakaoshindwa kushika sindano?
Hakuna anayepita akiuliza mrithi wangu ni nani,
wala mke wangu amenunua kuku wangapi.
Yeye tu ndiye aliyeuliza,
akasimama kwa mguu mmoja mzima
akisubiri jibu, kama wasubirivyo wao,
bila kusaidia.

Sikumjibu. Akaitikia kwa kichwa,
akaondoka na risiti namba 318.

Leo yule wa gazeti amerudi, amelowa hadi soksi.
Anaviona rafuni, vyeusi, vimelala ubavu.
"Bado hajavichukua? Hiyo ina maana gani?"

Gundi haijakauka, namwambia.

Imekauka tangu Ijumaa.